Reli ya darubini: ikae kwanza, ndipo uikaze

Darubini ya bunduki ikianza kuhamahama, leo inapiga katikati na kesho risasi zimesogea kiganja kizima kushoto, wa kwanza kulaumiwa ni darubini yenyewe. Wa pili ni risasi. Reli iliyo chini ya darubini hukumbukwa mwisho, pengine baada ya mtu kununua darubini nyingine, akaifunga juu ya reli ileile, nayo ikahamahama vilevile.

Mwongozo huu ni wa bunduki za komeo (chuma kinachosogezwa kwa mkono kuingiza risasi na kuifungia), zile ambazo kiwanda kimekwisha kutoboa matundu yenye nyuzi juu ya risiva. Risiva ni kile chuma cha kati kinachoshika mtutu kwa mbele na kubeba komeo ndani yake. Kwa juu ina madaraja mawili, la mbele na la nyuma, na katikati yake kuna dirisha la kutolea maganda. Reli hulala juu ya madaraja hayo mawili, mara nyingi kwa skrubu nne. Kama bunduki yako haina matundu, kama zilivyo nyingi za zamani za kijeshi za aina ya Mauser 98, ishia hapa na umpelekee fundi wa silaha. Kutoboa matundu manne yaliyonyooka na mtutu kunataka mashine na jigi, kifaa cha kuongoza drili. Drili ya mkononi haifai kabisa kwa kazi hiyo.

Kabla ya bisibisi

Toa magazini. Fungua komeo, hakikisha chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, haina risasi kwa jicho na kwa kidole, kisha chomoa komeo kabisa uliweke pembeni. Risasi zote ziwe chumba kingine. Utafanya kazi ukiwa umeinama juu ya bunduki hii kwa saa kadhaa, ukiigeuza huku na huku, kwa hiyo hatua hii haina mkato hata kama una hakika ni tupu.

Bunduki iwe yako kihalali, na popote ambapo tupa au msasa vitahusika, usiguse namba ya usajili iliyochongwa kwenye chuma. Katika nchi nyingi kuiharibu ni kosa la jinai.

Hakikisha reli ni ya bunduki hiyo

Reli zinafanana sana kwa juu. Chini ndiko zinakotofautiana: upinde unaolingana na mviringo wa risiva, kimo cha daraja la mbele na la nyuma, na umbali kati ya matundu. Remington 700, kwa mfano, daraja lake la nyuma liko chini kuliko la mbele, kwa hiyo reli yake ina mguu wa nyuma mnene zaidi. Reli ya bunduki nyingine inaweza kukubali skrubu mbili za mbele, halafu nyuma ikaelea hewani. Tena bunduki hiyohiyo huja na risiva fupi na risiva ndefu kulingana na urefu wa risasi, na reli ya moja haiingii kwenye nyingine.

Kwa juu, angalia mifereji. Reli ya kiwango cha Picatinny, ambacho jeshi la Marekani lilikiandika mwaka 1995 kwa jina MIL-STD-1913, ina mifereji yenye upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 10.01. Reli ya Weaver ina mifereji ya milimita 4.57, na nafasi kati yake hutegemea mtengenezaji. Pete ni vishikio vinavyobana darubini kwenye reli. Pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny. Pete za Picatinny hazitaingia kwenye Weaver kwa sababu fimbo yake ya kukazia ni nene mno. Ukiwa bado hujanunua, chukua Picatinny.

Utakutana pia na reli zilizoandikwa 20 MOA. Hizi zina mteremko: upande wa nyuma uko juu kidogo, wa mbele chini. MOA ni kipimo cha pembe; moja ni takriban sentimita 2.9 katika mita 100, kwa hiyo reli hiyo inakuongezea kama sentimita 58 za kupandisha katika umbali huo. Faida yake ni kwa anayepiga mbali. Darubini yenye jumla ya MOA 60 za marekebisho ina 30 za kupanda na 30 za kushuka ikiwa katikati. Juu ya reli ya 20 zinabaki kama 50 za kupanda na 10 za kushuka. Kwa mtu asiyevuka mita 200 reli bapa inatosha, na kwa darubini yenye marekebisho machache reli ya mteremko inaweza hata kumnyima nafasi ya kurekebisha shabaha ya karibu. Ukiifunga kinyume, upande wa juu ukiwa mbele, darubini inaweza kuishiwa marekebisho kabla risasi hazijafika katikati. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, kwa sababu baadhi ya reli hazina mshale.

Vifaa

Kinachohitajika ni kidogo: bisibisi au biti inayojaa kichwa cha skrubu sawasawa (mara nyingi Torx T15 au alenki), spana ya torki inayosoma nguvu ndogo, asetoni au spiriti kali, vijiti vya pamba, gundi ya skrubu ya nguvu ya wastani, kalipa (kipimo cha taya cha kusoma sehemu za milimita), na kishikio cha kutuliza bunduki. Spana ya torki ya magurudumu ya gari haifai, kwani kipimo chake huanzia pale ambapo skrubu zako zimekwisha kukatika. Biti iliyochakaa itupe leo.

Kusafisha

Toa skrubu ndogo za kuzibia matundu ambazo kiwanda kiliziweka. Zikikataa, weka ncha ya chuma cha kulehemia bati juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika chache, joto lilegeze, kisha jaribu tena kwa biti inayojaa. Nguvu za mkono zisitangulie joto.

Sasa ondoa mafuta. Asetoni kwenye kijiti cha pamba, ndani ya kila tundu, hadi kijiti kitoke cheupe. Futa juu ya risiva, chini ya reli na nyuzi za kila skrubu. Asetoni ikidondokea kitako cha mbao au cha plastiki itakula rangi, kwa hiyo funika kwanza. Mafuta yakibaki, gundi haitashika, na chembe moja ya uchafu chini ya reli inatosha kuinua upande mmoja.

Jaribio la reli kavu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

Laza reli juu ya risiva bila skrubu wala gundi. Bonyeza mbele kwa kidole, kisha nyuma, kisha pembe moja baada ya nyingine. Reli inayokaa vizuri haitikisiki wala kutoa sauti. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, umekwisha kupata jibu la awali.

Halafu weka skrubu mbili za mbele tu, zikaze kwa mkono mpaka ziguse na kidogo zaidi. Tazama nyuma kwa taa iliyowekwa upande wa pili. Je, mwanga unapita chini ya reli? Chukua kipande cha karatasi ya kawaida ya printa, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1, ujaribu kukipenyeza. Kisha fungua mbele, kaza nyuma tu, na urudie upande wa mbele. Fanya pande zote mbili, kwa kuwa reli inaweza kukaa vizuri ukianza na nyuma na kuinuka ukianza na mbele, na tofauti hiyo inakuonyesha pengo liko wapi.

Kwa nini kujisumbua na unene wa karatasi? Skrubu za nyuma zikikazwa juu ya pengo, reli inakubali kupinda. Reli ya aluminiamu haikatai. Ila darubini itakayofungwa juu yake ni bomba lililonyooka, na pete mbili zinazoishika sasa zinaangalia pande tofauti kidogo. Bomba linakazwa likiwa limepindishwa, na kila teke la bunduki linaitikisa mikazo hiyo mpaka kitu kimoja kinaachia. Hapo ndipo shabaha inapohama. Kuongeza nguvu ya skrubu kunaongeza mkazo tu.

Mimi hupima hivi: karatasi haipiti popote, endelea. Karatasi moja inapita, jaza pengo kwa epoksi kama nitakavyoeleza. Karatasi nne au tano zinapita, hiyo si reli ya bunduki hiyo, au risiva imesuguliwa vibaya wakati wa kung'arishwa. Irudishe.

Urefu wa skrubu

Jambo la pili linaloharibu kazi ni skrubu ndefu. Tundu la mbele kabisa kwenye bunduki nyingi liko juu ya mahali mtutu ulipofungwa ndani ya risiva, kwa hiyo halina njia ya kutokea chini. Skrubu ikigusa sakafu ya tundu kabla kichwa chake hakijaibana reli, mkono unahisi imekaza, spana ya torki inakubali, na reli haijashikwa na chochote. Udanganyifu huu hauonekani kwa macho.

Pima badala ya kukisia. Ingiza skrubu kwenye reli ikiwa mkononi, upime kwa kalipa ni milimita ngapi zinachomoza chini. Pima na kina cha tundu kwa mkia wa kalipa. Ikichomoza milimita 4 na tundu lina 3.6, skrubu hiyo lazima ipunguzwe hadi kama 3.1, ibaki nafasi ya nusu milimita. Ishike kwenye jiliwa yenye taya laini, punguza kwa tupa, kisha lainisha ukingo wa ncha ili nyuzi ya kwanza isiingie upande. Mara nyingi mtengenezaji ametia skrubu moja fupi kwenye pakiti kwa ajili ya tundu hilo. Ukizimwaga zote mezani bila kupanga, ndiyo itakayoishia nyuma.

Matundu ya daraja la nyuma yana tatizo la kinyume: hutokea ndani, kwenye njia ya komeo. Skrubu ikipita sana, inakwaruza komeo au inalizuia. Ukishaweka reli na skrubu zote bila gundi, pitisha kidole ndani ya njia ya komeo kuhisi ncha. Kisha paka komeo wino wa kalamu ya alama kwa juu, lirudishe, lisogeze mbele na nyuma polepole mara kadhaa, ulitoe tena. Mchirizi kwenye wino unakuambia skrubu ipi. Jaribu pia kwa kufungua skrubu moja moja: komeo likiwa jepesi baada ya kutoa ya tatu, ya tatu ndiyo mkosaji.

Fupi sana nayo ni hatari. Hesabu mizunguko tangu nyuzi zinapong'ata hadi kichwa kikae. Minne kamili ndicho kiwango cha chini ninachokikubali, sita ni raha.

Na usichanganye skrubu. Bunduki nyingi za Kimarekani hutumia 6-48, yenye kipenyo cha karibu milimita 3.5 na nyuzi 48 kwa inchi. Skrubu ya M3.5 ina kipenyo hichohicho ila mwendo wa nyuzi ni tofauti. Itaingia mzunguko mmoja au miwili, ikaze, na ukiilazimisha itaua tundu. Reli nzito hutumia 8-40, ya kama milimita 4.2, ambayo nayo hufananishwa na M4. Skrubu inayokataa kuingia kwa vidole viwili tupu haistahili kusukumwa kwa bisibisi.

Kujaza pengo kwa epoksi

Kama jaribio la karatasi halikuonyesha pengo, ruka sehemu hii.

Tuseme pengo liko nyuma. Kwaruza kwa msasa upande wa chini wa mguu wa nyuma wa reli ili epoksi ishike. Risiva yenyewe ipake nta ya viatu au nta ya kung'arishia, tabaka jembamba lisiloacha sehemu, pamoja na nyuzi za skrubu. Matundu ya nyuma yazibe kwa udongo wa kuchezea. Usipopaka nta, reli itakuwa sehemu ya kudumu ya bunduki.

Changanya epoksi yenye chembe za chuma, ile ya kukauka polepole, na upake kidogo chini ya mguu wa nyuma. Laza reli, kaza skrubu za mbele kwa kipimo chake kamili. Za nyuma usizikaze. Lengo ni reli ijikalie ilivyo, na epoksi ijaze nafasi inayobaki. Futa iliyotoka pembeni kabla haijaganda. Acha saa 24, au muda ulioandikwa kwenye kopo. Fungua, ondoa reli kwa kuigonga taratibu upande kwa kipande cha mbao, chonga mabaki, safisha nta yote kwa asetoni, na urudie jaribio la karatasi.

Kukaza

Angalia vipimo vya mtengenezaji wa reli. Vikiwepo, ndivyo vya kufuata. Visipokuwepo, skrubu za 6-48 kwa kawaida hukazwa kati ya paundi-inchi 15 na 20, sawa na nyutoni-mita 1.7 hadi 2.3. Za 8-40 zinabeba kama paundi-inchi 25, karibu nyutoni-mita 2.8.

Tia tone dogo la gundi kwenye nyuzi za skrubu, si ndani ya tundu, hasa tundu lisilotokea chini: gundi ikijaa humo haina pa kwenda. Gundi ya bluu, kama Loctite 243, inafaa. Nyekundu iache, maana kuifungua kunataka moto ambao hutaki kuupeleka kwenye risiva. Kumbuka gundi ikiwa mbichi inalainisha nyuzi, kwa hiyo nguvu ileile ya mkono inakaza zaidi kuliko skrubu kavu. Baki upande wa chini wa kipimo. Isidondokee plastiki, baadhi ya plastiki hupasuka ikiguswa nayo.

Ingiza skrubu zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Sasa sukuma reli mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, na uishikilie hapo. Bunduki inapopiga teke inarudi nyuma ghafla, na darubini kwa uzito wake inataka kubaki ilipokuwa, hivyo reli huvutwa kuelekea mbele. Mchezo wowote uliopo kwenye matundu uumalize wewe sasa, usiachie risasi ya kwanza. Reli zenye kigingi cha chini kinachoegemea risiva hutegemea hatua hii kabisa.

Kaza kwa zamu: mbili za katikati kwanza, kisha za pembeni, kwa raundi tatu. Paundi-inchi 10, halafu 15, halafu kipimo cha mwisho. Baada ya kila raundi rudisha komeo na ulipitishe mara moja. Raundi ya mwisho ikikamilika, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye reli. Pete za darubini hazitaifunika mistari yote, angalau miwili itaonekana.

Acha saa 24 gundi ikomae. Wengine huenda kupiga jioni hiyohiyo. Ndio haohao wanaokaza upya wiki inayofuata.

Pete na darubini

Hapa sina mengi. Fimbo ya kila pete iingie kwenye mfereji, isukumwe mbele mpaka iguse ukuta, ndipo ikazwe. Nguvu ya fimbo hutofautiana mno kati ya watengenezaji, soma karatasi yao. Skrubu za vifuniko vya pete zikazwe kwa msalaba, takriban paundi-inchi 15 hadi 18, nafasi ya pande zote mbili ikiwa sawa. Pimamaji ndogo juu ya reli na nyingine juu ya kofia ya marekebisho ya darubini zitakuonyesha kama darubini imelala upande.

Ukitaka kujua kama reli imenyooka, weka marekebisho ya kushoto na kulia katikati, toa komeo, tuliza bunduki, uangalie ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone kitu kilicho mbali, kisha uangalie kitu hichohicho kwa darubini. Msalaba ukiwa karibu nacho, matundu ya kiwanda yalikuwa mazuri. Ukilazimika kutumia zaidi ya robo ya marekebisho yote kwenda upande mmoja, matundu yametobolewa nje ya mstari, na hilo ni la fundi wa silaha au la kiwanda.

Risasi za kwanza

Anza katika mita 25, kwa kitegemeo imara, kisha uhamie 100. Piga risasi tatu tatu, ukisogeza darubini kwa kufuata katikati ya kundi, si tundu moja lililoasi. Shabaha ikishapatikana, piga kundi, ondoka, acha mtutu upoe, urudi upige jingine. Makundi mawili yakiangukia mahali pamoja, reli inashika. La pili likiwa limesogea, soma mistari ya rangi kabla ya kugusa kofia za darubini.

Itazame tena baada ya kama risasi 20, na kila baada ya safari ndefu ya barabara mbovu. Mistari ikiwa imenyooka, usikaze chochote. Skrubu iliyokwisha kugandishwa na gundi ikizungushwa hata kidogo inavunja gundi yake, na kuanzia hapo inashikwa na nyuzi peke yake. Ukikuta mstari umeachana, ondoa darubini, fungua reli nzima, safisha gundi ya zamani kwa brashi na asetoni, rudia jaribio la karatasi, kisha ukaze upya kwa gundi mpya.